Somo: Inveta na Kazi Yake Katika Umeme wa Jua



Nikiwa Mungaa msimu uliopita wa alizeti, nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi nikakuta hati mbili za malipo ya inveta, ya pili ikiifuata ya kwanza kwa miezi mitatu. Ya kwanza iliungua. Wajumbe wa bodi waliamini wameuziwa kitu kibovu, sikukubaliana nao.

Paneli za sola na betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, yaani uendao upande mmoja tu, na mara nyingi ni wa volti 12. Vyombo vingi vya ofisini vimeundwa kwa mkondo geu wa volti 230, ambao hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Inveta hufanya mageuzi hayo. Ndani yake mna swichi ndogo zisizo na sehemu inayosogea. Hupitisha umeme kwa zamu, mara upande huu, mara upande ule, na transfoma huupandisha volti.

Hata hivyo, inveta haiongezi umeme. Volti zikipanda, ampia hupungua. Basi upande wa betri ampia huwa nyingi mno. Wati 1000 kwa volti 12 ni ampia 83, na kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza sehemu kama joto, betri hutoa zaidi ya 90. Fundi atakayefunga hapo waya wa taa anaandaa moto.

Inveta ile ilikuwa ya wati 1000. Bodi iliunganisha mashine ndogo ya kukamua mafuta, yenye mota ya nguvu ya farasi 1, yaani wati 746. Kwa hesabu ya karatasini ilitosha. Lakini mota inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mara 5 au 6 ya kiasi chake cha kawaida, ingawa ni kwa muda mfupi. Inveta nzuri hujizima. Ya bei ya chini huweza kuungua kabla.

Tena kuna betri. Ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1200, na betri ya risasi isitumiwe kupita nusu. Hizo huendesha wati 100 kwa saa 5 hivi, basi.

Hati ya pili ilisema: inveta ya wati 3000. Betri ilikuwa ile ile moja. Niliiomba bodi isiiwashe mashine hadi fundi wa umeme afike, na hasara ya ile ya kwanza niliiandika katika taarifa ya mkutano mkuu.