Sungura Chinchila Aliyebaki Mdogo: Je, Ni Kibete au Amedumaa?

Mama mmoja wa kundi letu la Kawangware alituletea sungura watatu ndani ya katoni. Alikuwa amewanunua kwa mtu wa kupitapita na baiskeli, ambaye alimwambia kwamba hawa ni chinchila vibete, hawakui, wanakula kidogo tu, na wanafaa sana nyumba ya chumba kimoja. Alitaka kuwazalisha. Pesa aliyotoa ilikuwa ya chama, zamu yake ya kupokea. Tulipowashika mgongoni tukanyamaza. Mifupa ilikuwa kama meno ya msumeno. Hawakuwa vibete hata kidogo, walikuwa wamedumaa, na wawili walikufa kabla ya wiki kuisha.

Kwanza tumalizane na jina. Kuna mnyama mwingine anayeitwa chinchila, wa jamii ya panya, mwenye mkia wa manyoya, ambaye kwao ni milima ya Andes kule Amerika Kusini. Huyo si wetu. Sungura wetu aliitwa hivyo kwa kuwa manyoya yake yanafanana na ya mnyama yule. Alizalishwa Ufaransa na kuonyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1913. Ukitaka kumjua, mpulizie manyoya ya ubavuni. Utaona duara lenye rangi kwa tabaka: chini kabisa kijivu cha samawati, halafu nyeupe kama lulu, na nchani weusi. Kijivu kitupu bila tabaka si chinchila, hata muuzaji aape vipi.

Chinchila wa kawaida aliyekomaa hufika kilo 2.5 hadi 3.5. Wako pia sungura vibete wa kweli, aina zilizozalishwa makusudi ziwe ndogo, na wengine hawafiki hata kilo moja na robo. Sasa utawatofautishaje?

Kibete wa kweli ni mdogo lakini amejaa. Masikio ni mafupi, uso ni wa mviringo, nyonga zina nyama na manyoya yanang'aa. Aliyedumaa ana masikio marefu ya kawaida, kichwa kikubwa kuliko mwili, tumbo limevimba kama la mtoto mwenye minyoo, na uti wa mgongo unahesabika kwa kidole. Halafu angalia umri, maana hapo ndipo watu hudanganywa. Kama kucha zimepita manyoya na kujikunja, au dume kende zake zimeshashuka, huyo si mtoto wa wiki sita. Ana miezi mitatu au zaidi, na udogo wake una sababu. Fungua midomo pia. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kama milimita 2 kwa wiki, na yasipokutana sawasawa hayasagiki. Sungura wa namna hiyo hufa njaa mbele ya chakula.

Tulipochunguza mabanda ya wanachama wetu, Kibera na Kawangware, tuliona kwamba kudumaa huanzia kwenye sanduku la kuzalia, na mara nyingi chanzo ni maji. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita moja kwa siku, au hata zaidi. Mifereji ikikauka na bei ya mtungi ikipanda, tunapunguza wapi? Kwa sungura, bila shaka. Tunasema atapata maji kwenye sukuma. Mama hukosa maziwa, na wale wadogo ndio husukumwa nje ya chuchu.

Kwa hiyo mwenye jike aliyezaa aangalie matumbo ya watoto kila asubuhi. Aliyeshiba tumbo lake ni la mviringo, ngozi imenyooka. Mwenye njaa ana mikunjo kama mzee na tumbo limeingia ndani. Mtoto huzaliwa na gramu 50 hivi, na akifikisha siku saba uzito unapaswa kuwa umezidi mara mbili. Usiogope ukiona mama hakai na watoto mchana kutwa. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha anaondoka. Wengi wetu tumeshawahi kumlaumu jike bure kwamba amewatupa wanawe.

Ukimpata mnyonge, dawa ya kwanza ni kumpa zamu. Watoe wale wakubwa asubuhi, uwaweke kwenye karai lenye kitambaa, umshike mama kwa upole ili wadogo wanyonye peke yao. Wakubwa watanyonya jioni. Fanya hivyo siku tano au sita. Kama jirani ana jike aliyezaa siku hizo hizo na watoto wake ni wachache, mwombe amlelee mmoja. Mpake kwanza manyoya ya kiota cha mama mpya ili achukue harufu. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno yakilinganishwa na ya sungura, hivyo usiyategemee kumkuza mtoto.

Hatari ya pili huja akianza kula mwenyewe, kati ya wiki ya tano na ya kumi na mbili. Huu ndio wakati wa koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu vya tumboni vinavyosambaa kwa kinyesi. Mtoto anaharisha, tumbo linavimba, hakui tena. Sakafu ya waya inayopitisha kinyesi husaidia kuliko ubao. Kinyesi chenyewe kipeleke kwenye magunia ya sukuma, kitafanya kazi nzuri huko. Nyasi kavu zisikosekane. Mabaki ya sokoni, Toi au Kawangware, yaoshwe kwanza kwa sababu yameshakanyagwa matopeni. Kabichi iwe kidogo. Majani ya nyanya, ya viazi na ya ovakado usimpe kabisa. Miovakado imejaa kwenye ploti za Kawangware, na watoto wa nyumbani huchuma wakidhani wanasaidia.

Tunarudi kwa wale sungura watatu. Mama aliwaona wanaharisha, akawapa dawa ya amoksisilini iliyobaki nyumbani mtoto alipougua kifua. Alifanya kwa huruma. Lakini amoksisilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, na wabaya huchukua nafasi. Sungura anaweza kufa baada ya siku chache. Kidonge hicho hicho kinachomponya mtoto wako kinamwua sungura wako. Mwulize daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo pale Kabete, si mbali na Kawangware. Ukienda, beba kinyesi kibichi ndani ya chombo safi ili wakichunguze.

Yule wa tatu alipona. Ni jike, na mama anataka kumpandisha. Sisi tumemkatalia. Nyonga zake ni nyembamba, na hatujui kama udogo ule ni wa njaa au wa damu, maana muuzaji alikuwa akipandisha ndugu kwa ndugu. Atanenepeshwa, na uamuzi wa jikoni tumemwachia mwenyewe. Kundi limemwazima jike mzima wa miezi sita, naye atarudisha watoto wawili.

Wenye sungura wenye mashaka wawalete Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwalisha. Mizani ipo, na daftari la uzito liko juu ya meza. Kalamu tumeifunga kwa kamba, kwa sababu mbili zimeshapotea.