Kuongoza Mradi wa Wanafunzi wa Kuboresha Kitongoji: Mfano wa Katumba, Mpanda

Utangulizi

Wanafunzi wa shule za msingi hupenda kutoka nje ya darasa. Wakiambiwa wachukue majembe na mafagio hutoka kwa furaha. Lakini mwalimu asipokuwa na andalio, hurudi wamechoka na hawakujifunza neno. Hiyo ndiyo hatari ya njia ya mradi. Kazi ya kusafisha mazingira ya kisima yaweza kuwa somo lenye hesabu, sayansi, lugha na uraia ndani yake. Tena yaweza kuwa kibarua kisicho na ujira. Linalotenganisha mambo hayo mawili ni nani aliyeamua kazi ifanywe, aliamua kwa sababu gani, na nani atakayeitunza baadaye.

Katika makala haya tumekusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi hatua za kuongoza mradi wa namna hiyo. Tumechukua Katumba, katika Wilaya ya Mpanda mkoani Katavi, kuwa mfano wetu, kwa kuwa historia ya mahali hapo inaonyesha wazi kwa nini haitoshi kumwambia mtoto "tunza kitongoji chako" bila ya kumpa nafasi ya kukifanya kiwe chake.

Chimbuko la njia hii

Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, mwalimu wa walimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa insha iliyoieneza njia ya mradi katika vyuo vingi vya ualimu. Aliigawa kazi ya mradi katika hatua nne: kuwa na kusudi, kupanga, kutenda na kupima. Alisisitiza kwamba kusudi liwe la wanafunzi wenyewe.

Hapa nchini, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukumbuka kwamba uliagiza shule ziwe na mashamba. Wachache hukumbuka kwamba ulitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na waone faida ya jasho lao. Pale sehemu hiyo ya pili iliposahauliwa, kilimo cha shule kiligeuka kuwa kazi ya kuamrishwa, na wazazi wakanung'unika kwa haki.

Mfano mwingine ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Mpango huo wa kusikiliza, kujadili, kukubaliana na kutenda wafaa hata kwa watoto wa Darasa la Tano.

Katumba kama mazingira ya kufundishia

Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Watu walipewa ardhi katika msitu wa miombo, wakafyeka, wakalima, wakajenga nyumba na shule. Watoto wakazaliwa huko, na wajukuu baada yao. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lakini mpango wa wakati ule ulikuwa kwamba raia hao wapya wangehamia mikoa mingine na makazi yafungwe. Vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014, na njia ya kubaki pale pale ikafunguliwa.

Mwalimu na atafakari maana ya miaka hiyo ya kungojea. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo hapandi mwembe, wala hajengi choo cha matofali, wala hasumbuki na mfereji wa kisima. Si uvivu, ni hesabu ya kawaida ya binadamu. Kwa hiyo, mwalimu anapoanzisha mradi wa kuboresha kitongoji mahali kama Katumba, anagusa swali zito kuliko usafi: je, hapa ni kwetu? Jibu la swali hilo haliletwi na hotuba ya mwalimu. Mtoto hulipata anapoamua jambo pamoja na wenzake, akalitenda, na wazee wa kitongoji wakalipokea.

Hatua za mradi

Tuseme darasa ni la Tano, na muda ni kuanzia Julai hadi Desemba. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza yapata Novemba hadi Aprili. Kazi za kuchimba na kujenga zifanywe kiangazi, na miti ipandwe mvua zikiisha kushika.

(a) Kutazama na kupima. Mwalimu asianze kwa kuwaambia wanafunzi tatizo ni nini. Awagawe katika makundi ya watoto sita au saba, kila kundi lichore ramani ya sehemu moja ya kitongoji: njia, nyumba, vyoo, kisima, madimbwi, miti. Wapime umbali kwa kamba yenye fundo kila mita moja. Kundi la kisimani lihesabu ndoo zinazojazwa kwa saa moja. Wakipata ndoo 45 za lita 20, wamepata lita 900, na hapo hapo wana somo la kuzidisha na la wastani lisilotoka kitabuni. Waangalie pia kama choo chochote kiko karibu na kisima kuliko mita 30, au kiko upande wa juu wa mteremko, ambako uchafu waweza kushuka majini.

Makundi mengine yawaulize wazee: kisima kilichimbwa lini, nani alikitunza, na kwa nini utunzaji ulikoma? Mazungumzo yaweza kufanywa kwa Kirundi, Kiha, Kibende au Kisukuma. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili. Zoezi hilo la kusikia kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine ni bora kuliko imla nyingi.

(b) Kuchagua. Kila kundi lieleze lilichokiona. Mwalimu aandike ubaoni maswali manne: Je, tatizo hili linawaumiza watu wengi? Je, tunaweza kulipunguza kwa mikono yetu na vifaa tulivyo navyo? Je, kazi hii ni salama? Je, watu wa kitongoji watakubali kuitunza? Baada ya majadiliano wanafunzi wapige kura ya siri kwa kutia punje za mahindi katika makopo. Mwalimu akubali matokeo, ijapokuwa yeye angechagua jingine. Akiyabatilisha mara moja tu, wanafunzi watajua kwamba kura ilikuwa mchezo.

(c) Kupanga. Tuseme wamechagua maji yanayotuama kuzunguka kisima cha pampu. Wapange kazi kwa majuma: kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji, kuandaa shimo la mawe na kokoto la kuyanyonya, kuweka uzio wa kuzuia mifugo, na kutengeneza vibuyu chirizi vya kunawia mikono. Waandike barua kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba idhini. Ndilo somo la barua rasmi. Mwalimu apate kibali cha mwalimu mkuu, na wazazi waarifiwe siku, saa na aina ya kazi.

(d) Kutenda. Kipindi kimoja cha kazi kisizidi saa moja na nusu, na kifanywe asubuhi kabla ya jua kali. Wavulana na wasichana wabadilishane kazi zote: si sawa wasichana wateke maji na kufagia huku wavulana wakipima na kuandika. Kila kundi liwe na mwandishi anayeweka kumbukumbu ya kilichofanyika na kilichoshindikana. Kuchimbua chini kabisa ya kisima, kufungua pampu na kubeba mawe makubwa ni kazi za watu wazima. Pampu ikiwa mbovu, taarifa ipelekwe kwa chombo cha watumia maji na kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019.

(e) Kukabidhi. Hatua hii huachwa mara nyingi, na bila yake mradi hufa. Wanafunzi wawili au watatu wasome ripoti yao mbele ya mkutano wa kitongoji: tulipima hivi, tulikuta hivi, tulifanya hivi, tunaomba nyinyi wazee wetu mfanye hivi. Mkutano utaje mtu wa kuzibua mfereji na siku ya kufanya hivyo. Jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, makundi yasigawanywe kwa asili ya familia. Kisima kikichimbiwa mfereji na "watoto wa wale", kesho kitaitwa cha wale, na wengine hawatakitunza. Pili, mwanafunzi yeyote asiulizwe habari za hati au uraia wa wazazi wake. Mzee akisimulia mwenyewe, asikilizwe kwa heshima. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kumchokoza. Tatu, mradi usiwe mlango wa michango. Wanafunzi watumie kilichopo: mawe, miti mikavu, vibuyu, madumu yaliyotumika. Nne, kazi ya kitongoji isitumiwe kuwa adhabu. Mtoto aliyechimba mfereji jana kwa hiari hawezi kuuheshimu ikiwa leo mwenzake ameupewa kwa kosa la kuchelewa.

Kupima mafanikio

Mwalimu apime mambo mawili. La kwanza ni maarifa: je, mwanafunzi anaweza kueleza kwa nini maji yaliyotuama ni hatari, kukokotoa wastani, na kuandika barua? La pili ni kazi yenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha, darasa lirudi kisimani na daftari. Maji yakituama tena, wanafunzi watafute sababu: mteremko haukutosha, au shimo limejaa udongo? Kosa lililotafutiwa sababu lina thamani kubwa kuliko kazi iliyofaulu kwa bahati. Kisha, mwaka unaofuata, wanafunzi hao wakiwa Darasa la Sita, waende tena kutazama kama mfereji umezibuliwa.

Hitimisho

Mwalimu wa mradi si msimamizi wa kibarua, wala si mtazamaji. Kazi yake ni kuuliza, kulinda usalama, kuunganisha kazi na masomo, na kuwafungulia watoto mlango wa mkutano wa wakubwa. Mfereji wa kisima ni kitu kidogo. Lakini mahali ambapo watu waliishi miaka mingi bila ya kujua kama watabaki, mtoto anayesimama mbele ya wazee na kusema "tumepima, tumefanya, tunaomba mtunze" amejifunza uraia kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mwalimu asilitaje tatizo kabla ya wanafunzi kupima?
2. Wanafunzi wamechagua kazi ambayo wewe unaiona ndogo mno. Utafanya nini?
3. Andika andalio la somo la hisabati la dakika 40 kutokana na hesabu ya ndoo kisimani.
4. Mwenyekiti wa kitongoji anaomba wanafunzi wafyeke shamba lake badala ya kuendelea na mradi. Jadilini jibu lenu.