Karata thelathini za mwanzo

Kila nikikutana na vijana wa Mbinga na wa ufukwe wa Nyasa wanaocheza karata za mtandaoni, swali ni lile lile: nimefungua akaunti, karata ninazo, nianze na zipi? Mimi nimecheza Hearthstone tangu ilipoingia kwenye simu mwaka 2015, kwa hiyo majibu yangu yataegemea zaidi huko. Anayecheza mchezo mwingine naye hatatoka mikono mitupu, maana kanuni za kupanga karata za kuanzia hazitofautiani sana.

Shikamoo kaka. Huku Liuli karata za kawaida tunazijua tangu utoto. Hizi za kwenye simu zina tofauti gani?

Marahaba. Mezani kwenu mnachanganya pakiti moja, kopa, uru, shupaza na pau, na wote mnagawiwa kutoka humo humo. Mgao ukikunyima turufu, umekunyima, na mwenzako hana lawama. Kwenye hizi za simu kila mtu anakuja na karata zake, alizozichagua moja moja kabla hajaketi kucheza. Mkusanyo huo ndio wachezaji wanauita deki.

Ukubwa wa deki unategemea mchezo. Hearthstone inataka karata 30, na karata ile ile huwezi kuiweka zaidi ya mara 2. Zile zenye kito cha rangi ya chungwa katikati ni moja moja tu. Magic, mama wa michezo hii yote, uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, unataka karata 60 na nakala hadi 4. Pokémon ya simu iliyotoka mwaka 2024 ina deki ya karata 20. Marvel Snap ina 12 tu, na mchezo mzima ni zamu 6.

Kwa hiyo usishangae ukifungwa mara kumi mfululizo na mtu asiyekuzidi akili. Huenda amekuzidi katika kupanga tu, na kupanga ni jambo la kujifunza.

Deki yangu nimeijaza majoka na majitu yenye nguvu, lakini nafungwa na watu wenye karata ndogo ndogo. Nakosea wapi?

Hapa ndipo wanaoanza karibu wote wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila karata ina bei, nayo hulipwa kwa mana. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili una 2, hivyo hivyo mpaka 10. Joka la mana 9 ukilipata mapema halina kazi. Linakaa mkononi likikutazama huku mwenzako akiteremsha askari wake wa mana 1, wa mana 2, wa mana 3, kila mmoja akikupunguzia uhai. Unaanza na uhai 30. Mpaka joka lifike mezani, mara nyingi umebaki na 8 au 6, na askari wa mwenzako wamejaa upande wa pili.

Tupige hesabu. Anayeanza hupewa karata 3, halafu huvuta moja kila zamu, kwa hiyo kufikia zamu ya pili ameona karata 5. Ukiwa na karata 4 tu za mana 1 na 2 katika zile 30, basi katika kila michezo 100, michezo 46 hivi utafika zamu ya pili hujaiona hata moja. Yaani karibu nusu ya michezo yako unaanza ukiwa umekunja mikono. Ukiziongeza zikafika 12, michezo hiyo inashuka hadi 6 katika 100. Bahati ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio wako. Na hapo sijahesabu ile ruhusa ya kurudisha karata za mwanzo usizozitaka kabla mchezo haujaanza, ambayo nakuhimiza uitumie bila huruma: rudisha kila kilicho juu ya mana 3.

Deki ya kuanzia naipanga hivi: karata 5 za mana 1, 7 za mana 2, 6 za mana 3, 5 za mana 4, 3 za mana 5, na 4 za mwisho ndizo za ukubwa unaoupenda. Si amri ya msahafu, ila ukienda mbali sana na hapo uwe na sababu.

Kwa watu wa Umatengo hili halihitaji maneno mengi. Anayelima ngoro haanzi na udongo. Anafyeka nyasi, anazipanga miraba miraba mlimani, ndipo udongo wa katikati unachimbwa na kufukiwa juu yake. Ukimtazama siku ile ya nyasi utadhani bado hajaanza kulima, lakini pasipo zile nyasi mvua inashuka na shamba lote. Karata za mana 1 na 2 ndizo nyasi zako.

Nimekusanya vumbi 1600. Nitengeneze ile karata kubwa anayoitumia kila bingwa?

Subiri kwanza, mdogo wangu.

Vumbi hilo la kutengenezea karata linapatikana kwa shida. Karata yenye kito cha chungwa inagharimu 1600, ya kawaida yenye kito cheupe inagharimu 40. Gawanya mwenyewe: bei ya karata moja kubwa ni karata 40 za kawaida, zaidi ya deki nzima. Na ukijuta ukaiyeyusha, unarudishiwa 400 tu. Karata ya kawaida ukiiyeyusha unapata 5. Ina maana kupata kubwa moja kwa kuyeyusha ndogo unachoma ndogo 320. Nimeshuhudia kijana mmoja akifanya hivyo usiku mmoja hapa Mbinga mjini. Asubuhi alikuwa na karata moja nzuri sana na hakuwa na 29 za kuizunguka.

Jambo la pili ni umri wa karata. Uwanja wa kawaida wa Hearthstone hupokea matoleo ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, pamoja na mkusanyo wa msingi. Mwaka mpya wa mchezo ukifika, matoleo ya zamani yanahamia uwanja mwingine. Kabla hujatumia vumbi, angalia karata hiyo ni ya toleo gani na imebakiza miezi mingapi. Huo mkusanyo wa msingi, ambao tangu mwaka 2021 wachezaji wanapewa bure kadiri wanavyopanda ngazi, ndio uti wa mgongo wa deki yako ya kwanza. Wengi wanaudharau kwa sababu haukununuliwa.

Nichague shujaa gani?

Mwindaji. Uwezo wake ni kumpiga shujaa wa mwenzako pointi 2 kwa mana 2, zamu yoyote. Ukikosa la kufanya, bado unalo hilo, na linakufundisha kuhesabu uhai wa mwenzako tangu mapema. Wapo mashujaa 11 na utawafikia, lakini ukianza kwa kurukaruka vumbi lako litagawanyika na hutakuwa na deki hata moja iliyosimama.

Natoka Mbinga kwenda Mbamba Bay mara kwa mara, na mtandao unakatika milimani. Nifanyeje?

Usianze mchezo garini. Zamu moja ina sekunde 75, na zikikaribia kuisha utaona kamba inaungua katikati ya meza. Mtandao ukipotea muda huo, zamu imekwenda. Mtandao ukirudi haraka unaweza kuingia tena pale pale, lakini mlimani haraka hiyo hupati. Safarini panga deki, usicheze. Masasisho ya mchezo ni mazito, yapakue mahali penye Wi-Fi la sivyo bando la wiki litaisha kwa siku moja. Kama simu yako ni ndogo au muda wako ni wa vipande vipande, Marvel Snap itakufaa zaidi, kwani mchezo mmoja ni wa dakika chache.

Mimi ni mzazi. Kahawa ikishauzwa tu, mwanangu ananiomba hela ya pakiti za karata. Nimpe?

Shikamoo mama. Nashukuru umeuliza, na nitakujibu bila kuzunguka.

Pakiti ina karata 5, na anayenunua hajui zipi. Hapo ndipo utamu ulipo na ndipo hatari ilipo. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati ya namna hii, katika baadhi ya michezo iliyochunguzwa, ni kamari kwa sheria zao. Mimi sikatazi watu wazima wajinunulie. Lakini kwa mtoto jibu langu ni hapana, na si kwa kumnyima raha: deki niliyoieleza hapo juu inajengeka bila shilingi hata moja, kwa zawadi za kazi za kila siku na za kila wiki ambazo mchezo wenyewe unatoa. Asipoweza kushinda na karata ndogo, pakiti 20 hazitamfundisha. Weka nywila kwenye manunuzi ya simu leo hii, na hela ya kahawa ibaki kwenye mipango yake.

Nitajuaje kwamba deki yangu imekaa sawa, au karata gani itoke?

Chukua daftari la shule, mistari ya kawaida. Andika majina ya karata zako zote upande wa kushoto. Kila mchezo ukiisha, tazama zilizobaki mkononi hujazicheza, na kila moja ipigie alama mbele ya jina lake. Ushinde au ushindwe, andika. Usibadilishe kitu mpaka umalize michezo 20. Ukibadilisha karata tano kwa mpigo kwa sababu umefungwa mara tatu jioni moja, hutajua ipi ilikuponza na ipi ilikusaidia. Baada ya 20, yenye alama nyingi inatoka, moja tu, na inayoingia iwe ya bei ndogo kuliko iliyotoka.

Daftari langu la kwanza bado ninalo. Karata iliyotangulia kutoka ilikuwa joka la mana 9, ambalo nililionea fahari kuliko zote. Lilikuwa na alama 11. Mahali pake niliweka askari wa mana 2, na katika michezo 20 iliyofuata alipata alama 1.