Magazini za mtumba wa jeshi: vidokezo 8 kabla hujatoa hela

Vita Baridi ilipokwisha, majeshi ya Ulaya Mashariki yalibaki na maghala yaliyojaa magazini za AK zisizo na kazi. Nyingi ziliishia Marekani, kwenye maduka ya bunduki na maonyesho ya silaha ya wikendi, zikiwa bado na grisi ya ghalani. Muuzaji atakusifia nchi: hii ya Urusi, ile ya Hungaria, hii hapa ya Bulgaria. Kama unaishi huko, bunduki yako ni halali na unaipeleka kwenye uwanja wa shabaha, soma haya kwanza.

1. Sheria kwanza, bei baadaye
Marufuku ya serikali kuu ya Marekani kwa magazini mpya za zaidi ya risasi 10 ilianza 1994 ikaisha 2004, lakini majimbo yana sheria zao. California na New York mwisho ni risasi 10, Colorado ni 15, na magazini ya kawaida ya AK hubeba 30. Ukihama jimbo, uliza upya. Na ukija nyumbani likizo, usithubutu kuitia kwenye begi kama zawadi. Ukikamatwa na kifaa cha silaha bila kibali uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au Nairobi, kusema kwamba ni tupu hakutakuokoa.

2. Jua bunduki yako inakula risasi gani
Magazini ya 7.62x39 imepinda sana kwa sababu ganda la risasi yake ni pana nyuma na linapungua kuelekea mbele. Ya 5.45x39, iliyokuja na AK-74, imepinda kidogo tu. Hazibadilishani. Jihadhari pia na ya bunduki ya vz. 58 ya Chekoslovakia: risasi ni ileile ya 7.62x39, umbo linafanana, ni nyepesi kwa kuwa ni ya aluminiamu, lakini kwenye AK haiingii. Wageni wengi wa mambo haya hunaswa hapo.

3. Chuma chenye mbavu ndicho cha kuanzia
Magazini za AK za mwanzo, za mwaka 1949, zilikuwa na pande bapa za chuma kinene, takriban gramu 430 zikiwa tupu. Katikati ya miaka ya 1950 Warusi wakapunguza unene wa bati na kulitia mbavu ili lisibonyee, uzito ukashuka hadi kama gramu 330. Muundo huo ndio uliosambaa Hungaria, Poland, Romania na Ujerumani Mashariki, na kwa mpiga shabaha tofauti zake ni ndogo mno. Uchina nao walitengeneza za kwao, na nyingi unazitambua hata ukifumba macho: pitisha kidole mgongoni, utakuta laini, hakuna ule ukingo uliosimama. Ukiambiwa ulipe zaidi kwa ajili ya jina la nchi tu, shukuru uondoke.

4. Ya Yugoslavia ina tabia yake
Chungulia ndani, utaona kibao kinachosukuma risasi juu kimekatwa wima upande wa nyuma. Risasi ya mwisho ikitoka, kibao hicho huizuia bolti isirudi mbele, nawe unajua mara moja kwamba zimekwisha. Raha yake ni hiyo. Karaha yake ni kwamba magazini hukaza kidogo unapoichomoa, kwa sababu bolti inakilalia kibao, na ikishatoka tu bolti inajifunga kwa kishindo. Wengine wanaipenda, wengine inawachosha. Jaribu moja kwanza.

5. Ya Bulgaria ni nzuri, ila pochi lijiandae
Tafuta namba 10 ndani ya duara mbili, alama ya kiwanda cha Kazanlak. Mwili ni wa plastiki ngumu, na ndani mna chuma kwenye midomo na kwenye ndoano za kushikia, yaani kule kunakoumia zaidi. Haishiki kutu mwilini na ni nyepesi kuliko chuma kitupu. Sifa zake ni za haki, na wauzaji wanalijua hilo.

6. Ya rangi ya chungwa ni pambo la kabati
Watu huiita bakelaiti, ingawa ni utomvu wa kiwandani uliochanganywa na nyuzi za kioo. Alama ya mshale ndani ya pembetatu ni ya Izhevsk, nyota ni ya Tula. Inafanya kazi vizuri, lakini bei yake ni ya wakusanyaji. Ikague kwenye mwanga mkali: ufa mwembamba karibu na midomo unatosha kuikataa.

7. Ukipiga ukiwa mezani, tafuta fupi
Magazini ya risasi 30 ni ndefu, hugonga meza na kuinyanyua bunduki. Hungaria ilitengeneza ya risasi 20 kwa ajili ya bunduki ya AMD-65, na kwa anayepiga akiwa amelala au ameegemea meza, hiyo ni nafuu kubwa.

8. Kagua kwa mikono, si kwa masikio
Anza na midomo ya juu: iwe sawa pande zote, isiwe imepinda wala kupanuka. Tazama ndoano ya mbele na ya nyuma. Iliyolika hutikisika kwenye bunduki. Pitisha kidole pembeni kutafuta mbonyeo, kisha sukuma kibao hadi chini: kirudi juu bila kukwama. Omba kuvua kitako. Unabonyeza kitufe cha chini, unakisukuma kitako kando, huku dole gumba limezuia springi isikurukie usoni. Kutu ya juujuu inasuguliwa ikaisha. Iliyochimba vishimo ndani iache hapohapo.

Nyumbani, za chuma zioshe kwa mafuta ya taa, uzikaushe vizuri, kisha upitishe kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kwa sababu mafuta mengi ndani hukusanya vumbi. Za plastiki zinatosheka na sabuni na maji ya vuguvugu.

Kwa kifupi, mpiga shabaha wa kawaida anunue za chuma zenye mbavu, nchi yoyote, midomo mizima. Anayetaka wepesi na hela ipo, achukue ya Bulgaria. Ya chungwa tuwaachie wenye makabati ya vioo. Nunua mbili, zijaribu kwenye bunduki yako mwenyewe, ndipo urudi kwa nyingine.