Maneno ya Kiitaliano Kwenye Nota: Mkono Ufanye Nini?

Mwanafunzi wa piano wa Thika au Ruiru hukutana na maneno ya Kiitaliano mara mbili. Kwanza kwenye orodha anayoikariri kwa ajili ya mtihani wa nadharia, hasa ule wa daraja la 5 wa bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM. Kisha ndani ya kipande anachokipiga, na hapo ndipo mambo hukwama. Anajua kwamba dolce ni utamu na agitato ni fadhaa, ila vidole vinapiga vilevile. Kila neno la aina hii linadai jibu la mkono: uzito gani, sauti ipi itangulie, muda uvutwe wapi, mguu ufanye nini kwenye pedali. Mwalimu asiyemdai mwanafunzi jibu hilo anamfundisha msamiati tu.

Anza na chombo chenyewe, kwa sababu wengi wetu huku tunafanyia mazoezi kwenye kinanda cha umeme cha funguo 61. Bonyeza ufunguo mmoja polepole, kisha kwa kasi. Sauti ikiwa ni ileile, huenda mpangilio wa mguso umezimwa. Uwashe kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo dolce haitawezekana kabisa. Kwenye piano, ukubwa wa sauti hutokana na kasi ya nyundo inapogonga uzi. Kwa hiyo dolce ipige kwa nyama ya kidole, karibu na ufunguo, ukiushusha bila haraka. Mwendo usiuguse: dolce haisemi lolote kuhusu kasi. Na kwa kuwa funguo za kinanda ni nyepesi, omba nusu saa kwenye piano halisi kabla ya mtihani, iwe ya shule, ya kanisa au ya Kenya Conservatoire of Music kule Nairobi. Vidole vilivyozoea wepesi hushindwa kufika chini, na noti za pianissimo hupotea.

Cantabile, yaani kama kuimba, ndilo neno ninalolipenda kuliko yote, na watu wa huku wana mtaji mkubwa wa kulifanyia kazi, kwa maana wengi wamelelewa kwenye kwaya. Chukua sehemu ya pili ya sonata ya Beethoven iitwayo Pathétique, iliyochapishwa 1799, yenye maelekezo Adagio cantabile. Mkono wa kulia una kazi mbili pale mwanzoni: vidole vya nje vinabeba wimbo, vya ndani vinasindikiza. Usiupige kwanza. Uimbe kwa sol-fa, ukianzia mi, na uweke alama ya penseli kila unapovuta pumzi. Kisha piga wimbo peke yake, ukiinua mkono kidogo kwenye alama hizo. Noti za ndani ziongeze mwishoni, kimya kiasi kwamba zinasikika kwa shida. Ukiwa umewahi kuimba alto huku soprano wakibeba wimbo, unajua tayari ni kiasi gani cha kurudi nyuma.

Rallentando, yaani kupunguza mwendo taratibu, huharibiwa kwa kufunga breki ghafla. Gawanya mapigo kwa sauti, "moja-na-mbili-na", uache kila "na" ichelewe zaidi ya iliyotangulia. Ritenuto ndiyo inayopunguza papo hapo. Diminuendo inapunguza sauti pekee, lakini wapiga vinanda wengi wa kanisani hupunguza na mwendo bila kujua, na waumini wakaburutika nao. Smorzando na morendo huruhusu vyote viwili vififie pamoja.

Mtego mkubwa uko kwenye sonata ya Mwangaza wa Mwezi, aliyoitunga Beethoven 1801. Mwanzoni ameandika senza sordino, yaani bila sordino. Kamusi nyingi za muziki hueleza sordino kama kizuia sauti, na mwanafunzi anabaki akijiuliza. Hapa ni vile vizuizi vinavyonyamazisha nyuzi. Viinuliwe, yaani pedali ya kulia ikanyagwe. Piano za siku zile zilififia upesi kuliko za leo, kwa hiyo badilisha pedali kila kordi inapobadilika.

Chunguza pia ni nani aliyeandika neno. Bach aliacha maelekezo machache sana ya aina hii kwenye muziki wake wa kinanda. Ukiona crescendo na dolce zimejaa kwenye prelude yake, mara nyingi ni maoni ya mhariri wa karne ya 19. Yasikilize, lakini una ruhusa ya kuyakataa. Ya Beethoven huna.

Mwisho, jirekodi kwa simu. Piga baa nane mara mbili, mara moja kama dolce na mara moja kama agitato, kwa mwendo uleule. Mpe mtu wa nyumbani asiyesoma nota asikilize, kisha akuambie ni ipi tulivu na ni ipi yenye wasiwasi. Akisita, rudi kwenye uzito wa mkono kabla hujagusa kitu kingine.