Mountain Bike ya Kitambo: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Iko pale kwenye balcony au nyuma ya nyumba, tairi zimelala na cheni imeshika kutu. Nauli ikipanda ndipo unaikumbuka. Fundi wa mtaa anaiangalia dakika moja, anasema, "Hii ni kazi ndogo, tuma elfu moja tuanze." Ukituma hiyo elfu moja umeshaamua kuitengeneza, na hujajua itakula ngapi.

Hapo ndipo pesa hupotelea. Ukarabati haulipwi mara moja, unalipwa kidogo kidogo kwa simu, na mia sita haiumi. Tuseme hivi (bei ni za mfano, za kwako uliza kwa fundi): tyubu mbili 600, tairi mbili 1,800, cheni 700. Cheni mpya inaanza kuruka kwa sababu meno ya gia za nyuma yameisha, hivyo 1,500 zaidi. Raba na nyaya za breki 600, beringi 500, ufundi 1,500. Jumla ni 7,200, na hapo hatujahesabu ada za kutuma. Kama ungeambiwa 7,200 siku ya kwanza, pengine ungetembea sokoni kwanza uone mtumba wa aina hiyo unaenda kwa ngapi.

Kwa hivyo kabla ya kutuma chochote, mwambie fundi aandike kila kitu kwenye karatasi. Fundi mzuri hatakasirika.

Anza na fremu, maana hiyo ndiyo baiskeli yenyewe. Ioshe vizuri, kisha angalia pale bomba zinapokutana: chini ya usukani, chini ya kiti na pale pedali zinapozungukia. Unatafuta ufa, au rangi iliyopasuka kwa mstari. Kisha chukua sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikishika, hiyo ni chuma, na ufa mdogo mtu wa welding anaweza kuushughulikia. Isiposhika, kuna uwezekano mkubwa ni aluminiamu. Aluminiamu yenye ufa achana nayo. Kuichomelea kunataka mashine na ujuzi wa aina yake, na joto hupunguza nguvu ya fremu pale pale unapoihitaji. Jaribu pia kuchomoa bomba la kiti. Likiwa limegandia ndani kwa miaka, kulitoa ni kazi ya siku nzima, na fremu inaweza kuharibika.

Cheni unaweza kuipima mwenyewe kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwa cheni mpya, alama ya inchi 12 huangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita alama kwa milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni. Ikipita kwa milimita tatu, panga bei ya gia za nyuma pia, kwa sababu meno nayo huenda yameisha.

Magurudumu yasikutishe. Mountain bike za zamani nyingi ni za inchi 26, na ingawa nyingi mpya ni 27.5 au 29, tairi na tyubu za 26 bado zinapatikana. Saspensheni ya mbele iliyokauka ndiyo hula pesa. Kama unapita lami tu, muulize fundi kuhusu kuweka uma wa kawaida usio na springi.

Mpaka wangu ni nusu. Fremu ikiwa nzima, na gharama yote isizidi nusu ya bei ya mtumba mzuri wa aina hiyo, tengeneza. Ikizidi hapo, nunua nyingine, kwa sababu hata baada ya ukarabati bado utakuwa na vipuri vya zamani vinavyosubiri zamu yao. Na usilinganishe na zile mpya za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma. Zinapendeza macho, lakini ni nzito, na springi zinakula nguvu ya miguu yako mlimani.

Ukiamua kutengeneza, vipuri nunua mwenyewe kwa till ya duka, jina likitokea lisome kabla ya kuweka PIN, na fundi umlipe ufundi peke yake: nusu mwanzo, nusu baada ya kuiendesha. Pesa zikiwa chache, breki na tairi kwanza. Mkopo wa simu unaotozwa ada kila siku si wa kazi hii, hata kama ni wetu.

Ukiamua kununua ya mtu, usitume "booking" kwa baiskeli ambayo hujaishika kwa mkono. Geuza baiskeli uone namba ya fremu, mara nyingi imegongwa chini ya pedali. Iandikeni kwenye makubaliano pamoja na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Ujumbe wa malipo unaonyesha ulilipa, lakini hauonyeshi kwamba baiskeli ilikuwa yake.

Ile kuukuu usiitupe. Ipeleke kwa fundi akupunguzie ufundi wa hiyo nyingine. Rimu nzima za inchi 26 hazikosi mtu.