Walimu hawachapishi, wanafunzi wa uzamivu wamekwama

Swali: Naongoza idara katika shule ya biashara. Wahadhiri hawachapishi, na wanafunzi wa uzamivu hawamalizi. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na ratiba. Mhadhiri mwenye madarasa matatu ya jioni na rundo la mitihani ya kusahihisha hataandika kitu. Mpunguzie vipindi muhula mmoja, naye akukabidhi rasimu. Wanafunzi wafundishwe takwimu na mbinu za utafiti kwa pamoja, kabla ya kila mmoja kuachiwa msimamizi asiyepatikana.

Marekani nayo iliwahi kukabili tatizo kama hili: ripoti ya wanauchumi Gordon na Howell ya 1959 ilizikosoa vikali shule za biashara, na taasisi ya Ford Foundation ikafadhili uzamivu na utafiti. Utafiti ukakua, ingawa baadaye ulilaumiwa kuwasahau wafanyabiashara wenyewe.

Na majarida yanayokubali makala yoyote iliyolipiwa ada? Yasihesabiwe kwenye kupandishwa cheo.